Kwa nini panya huzaa kumi na pimbi huzaa wawili? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu idadi na ukubwa wa watoto wa wanyama wadogo

Ninafundisha tuisheni ya baiolojia hapa Moshi, na nyuma ya nyumba yangu huko Rau nina mabanda ya sungura na simbilisi. Kwa hiyo maswali hunifikia kutoka pande mbili. Kuna wanafunzi wa kidato cha sita wanaotaka kujua mageuko ya viumbe yanasemaje, na kuna wafugaji wanaotaka kujua kwa nini sungura kazaa kumi na mmoja wakabaki saba. Ukilichimba, ni swali lilelile. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi, na majibu ambayo kwa kawaida huyatoa nikiwa nimesimama, mkononi nina ndoo ya majani.

Nikisema "uzao" nina maana ya watoto wote waliozaliwa kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini mama asizae wengi kadiri tumbo linavyoweza kubeba?

Fikiria kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Mzee ana ekari moja ya migomba na kahawa. Akiwagawia wana wawili, kila mmoja anapata pa kujenga, ndizi za kula na za kuuza, na majani ya ng'ombe mmoja wa zizini. Akiwagawia kumi, kila mmoja anapata ukanda ambao migomba mitatu inaumaliza, na wote kumi wataishia kupanga vyumba mjini. Ardhi ni ileile, kilichopungua ni kipande. Na kuna kipande ambacho kikipungua zaidi ya hapo hakiitwi tena shamba.

Mama mnyama naye ana kihamba chake: damu inayopita kwenye kondo, maziwa, joto la mwili, na wiki chache za kulea kabla majani hayajakauka. Watoto wakiongezeka, fungu la kila mmoja linapungua. Anayezaliwa mdogo hupoteza joto haraka, husukumwa na wenzake wakati wa kunyonya, huachishwa ziwa akiwa mwepesi, na mwepesi ndiye wa kwanza kuliwa na paka.

Mwaka 1947 David Lack, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alitoa hoja kwamba idadi ya mayai kwenye kiota ni ile inayoacha makinda wengi zaidi walio hai, hata kama kiota kingeweza kubeba zaidi. Mwaka uliofuata aliipeleka hoja hiyo kwa wanyama wanaonyonyesha. Kisha mwaka 1974 Christopher Smith na Stephen Fretwell wakaiandika kwa hesabu. Wanasema kuna ukubwa wa chini ambao mtoto akizaliwa chini yake haponi. Juu ya hapo kila gramu unayomwongezea inampa nafasi zaidi ya kuishi, lakini gramu ya kumi haina thamani ya gramu ya kwanza. Inafika mahali ambapo kumwongezea huyu kuna faida ndogo kuliko kuanzisha mwingine. Hapo ndipo uteuzi asilia humsimamisha mama.

Kuna jambo katika hesabu hiyo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mara ya kwanza: mama mwenye chakula kingi hatarajiwi kuzaa watoto wakubwa zaidi. Anatarajiwa kuzaa watoto wengi zaidi wa ukubwa uleule. Mzee mwenye ekari tatu hagawi vipande vikubwa mara tatu, anamudu kuwapa wana wengi zaidi.

Na kwa kuwa kuna mwanafunzi atauliza: hapana, hakuna sungura anayepiga hesabu hizi. Waliozaa wengi mno waliacha wajukuu wachache, na waliozaa wachache mno vilevile. Tunaowaona leo ni wazawa wa wale waliokuwa katikati.

Ukubwa wa kuzaliwa una uzito gani hasa? Si atakua tu?

Atakua akifika kesho. Mtoto wa panya wa nyumbani huzaliwa na gramu moja na kidogo, hana manyoya, haoni, hasikii. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na nyama iliyo ndani, kwa hiyo joto linavuja kama chai kwenye kikombe kidogo. Usiku mmoja wa Julai unatosha.

Hata hivyo wengi nao wana faida yao, kwa sababu hulundikana na kupashana joto. Wafugaji wa sungura wanalijua hili bila kusoma popote: uzao wa mtoto mmoja au wawili ni wa kuhofia kuliko wa sita, kwa sababu yule mmoja hana wa kulala naye. Mimi nikipata uzao wa namna hiyo humhamishia mtoto kwa mama mwingine aliyezaa siku ileile. Sungura hamkatai mtoto wa mwenzake kama tunavyodhani; msugue tu mtoto kwa manyoya ya kiota kipya.

Panya na simbilisi wote ni wagugunaji. Mbona mmoja huzaa wekundu wasioona na mwingine huzaa watoto wanaokimbia?

Hili ndilo ninalolipenda, na nikiwa na mgeni nampeleka bandani akaone mwenyewe. Simbilisi jike hubeba mimba siku 68 hivi. Panya wa nyumbani hubeba siku 20. Mtoto wa simbilisi huzaliwa na gramu 80 hadi 100, ana manyoya, macho yako wazi, na meno ya utotoni ameshayaacha tumboni mwa mama yake, kwa hiyo anazaliwa na meno ya kudumu. Asubuhi moja nilimkuta mmoja ambaye manyoya ya shingoni yalikuwa bado yamelowa, na tayari amelikamata jani la kabichi upande mmoja huku mama yake amelikamata upande wa pili.

Sasa chukua mizani. Panya wa gramu 25 akizaa wanane wa gramu moja na robo, ametoa gramu 10, yaani asilimia 40 ya uzito wake. Simbilisi wa gramu 800 akizaa watatu wa gramu 90, ametoa gramu 270, yaani theluthi moja. Ukiujumlisha uzao wote, mizigo yao haipishani kama tulivyodhani. Walichopishana ni namna ya kuukata. Mmoja anakata vipande vingi na kuvimalizia nje kwa maziwa, mwingine anakata vichache na kuvimalizia ndani.

Lipi ni bora? Inategemea una kiota au huna. Panya ana shimo, ana dari yako, ana gunia lako la mahindi. Watoto wasioona wanaweza kufichwa humo. Jamii ya simbilisi ilitoka Amerika ya Kusini, kwenye nyasi za milima ya Andes, na mababu wa porini wa huyu tunayemfuga hawakuwa wachimbaji. Mtoto asiye na shimo lazima azaliwe akiwa na miguu ya kukimbilia.

Na sungura?

Hapa Kiswahili kimetuchanganya, maana wanyama wawili tumewapa jina moja. Sungura wa banda, ambaye asili yake ni Ulaya, hubeba mimba siku 31 na kuzaa watoto uchi, vipofu, wa gramu 40 hadi 60, ndani ya kiota alichokipamba kwa manyoya aliyojing'oa kifuani. Sungura pori unayemwona akikatiza mbele ya taa za gari ukielekea kiwanda cha sukari cha TPC usiku hubeba mimba wiki sita hivi, huzaa mmoja hadi watatu, nao huzaliwa na manyoya, macho wazi, juu ya ardhi tupu. Kwa hiyo Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja anayemzidi Fisi akili, ni huyu wa porini. Huyu wa banda alikuja juzi na hajawahi kumdanganya mtu.

Pimbi ana uzito kama wa sungura. Kwa nini anabeba mimba miezi saba?

Ndiyo, miezi saba na zaidi, kwa mnyama wa kilo tatu au nne, na mwishoni anazaa wawili au watatu wa gramu 200 hivi ambao siku hiyohiyo wanaruka juu ya mawe. Perere, ndugu yake wa mitini, yule anayepiga yowe usiku msituni juu ya Marangu mpaka mgeni anadhani kuna mtu anachinjwa, kwa kawaida huzaa mmoja tu.

Sehemu ya jibu ni ileile ya simbilisi: watoto wanaozaliwa tayari. Lakini miezi saba imezidi hata kwa hilo. Wengi huona humo alama ya ukoo. Pimbi na perere ni jamaa wa tembo, na masalia yaliyochimbuliwa Fayum, Misri, yanaonyesha kwamba zamani kulikuwa na pimbi wakubwa sana, wengine wakikaribia ukubwa wa kifaru. Mwili umepungua, kalenda ya mimba haijapungua kwa kasi hiyohiyo. Uteuzi asilia haufuti ubao na kuanza upya. Unafanyia marekebisho kilichorithiwa, kama fundi anayeongeza chumba kwenye nyumba ya babu.

Idadi ya chuchu inaamua idadi ya watoto?

Inaweka dari. Mwaka 1986 Avery Gilbert alikusanya takwimu za wagugunaji wengi akakuta jambo ambalo ukilisikia linakaa kichwani: wastani wa uzao ni karibu nusu ya idadi ya chuchu, na uzao mkubwa kabisa hukaribia idadi yote ya chuchu. Yaani mama huweka akiba. Chuchu moja ikiziba au ikiumwa, mtoto hafi kwa hilo.

Sungura wangu wa kijivu hakuisoma kanuni hiyo. Mwaka jana alizaa kumi na mmoja, naye ana chuchu nane. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, dakika tatu au nne, kisha anaruka nje ya boksi na kuondoka. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikae na tochi nione. Alipoingia tu, lile rundo lililokuwa limetulia likachemka. Hakuna mwenye chuchu yake. Anayeshika anavuta, baada ya sekunde kadhaa anaiachia na kuifuata nyingine, anapanda juu ya mwenzake, anaanguka chini ya tumbo la mama. Wawili sikuwaona wakishika chochote. Mama alipotoka niliwapima kwenye mizani yangu ya viungo. Mkubwa alikuwa gramu 61, tumbo lake jeupe limejaa maziwa, yanaonekana kupitia ngozi. Mdogo alikuwa gramu 38, ngozi imekunjamana. Siku ya tatu huyo hakuwepo. Wiki ya tatu walikuwa saba.

Kanuni ya nusu ina wavunjaji wake. Simbilisi ana chuchu mbili tu na huzaa watatu au wanne bila taabu, kwa sababu watoto wake wanakula majani mapema na hawategemei maziwa peke yake. Wa kushangaza zaidi ni fuko asiye na manyoya wa nyanda kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka 1999 Paul Sherman na wenzake walionyesha kwamba malkia wa fuko hao huzaa kwa wastani watoto kumi na mmoja hivi, sawa na chuchu zake, na uzao mkubwa unafika mara mbili ya hapo. Anawezaje? Hafanyi kitu kingine. Kundi zima linamletea chakula, linamlinda, linachimba. Yeye ni kuzaa na kunyonyesha, na watoto wananyonya kwa zamu. Kihamba chake kinalimwa na kijiji kizima.

Ni mnyama gani anayeongoza kwa wingi?

Tenreki, mnyama mdogo wa Madagaska, hadi watoto 32 kwa mkupuo. Na kwa udogo wa mtoto, mfuko wa kangaruu na ndugu zake hauna mshindani. Oposumu wa Marekani, mmoja wa ndugu hao, hubeba mimba chini ya wiki mbili, huzaa zaidi ya ishirini, lakini kwenye mfuko ana chuchu 13 kwa kawaida. Anayekosa chuchu amekwisha.

Kwa nini panya wa shambani wanafurika miaka fulani tu?

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa Kibosho, aliniita stoo kwake mwezi wa tano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Njoo uone wanafunzi wako."

Alikuwa ameinua gunia la mahindi, na chini yake, ndani ya majani makavu na vipande vya kiroba vilivyotafunwa nyuzi nyuzi, kulikuwa na watoto kumi na watatu, wekundu kama pilipili, kila mmoja hajafika urefu wa kidole changu cha mwisho. "Mae! Mama mmoja huyu?" aliuliza. Mama mmoja huyo.

Huyo ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike ana chuchu hadi 24, mimba ni siku 23, na uzao wa kumi ni wa kawaida kabisa. Anaweza kushika mimba nyingine mara tu baada ya kuzaa, kwa hiyo huku ananyonyesha, huku anabeba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wamewafuatilia panya hawa mashambani kwa miongo mingi. Wamekuta idadi yao ikipanda kutoka makumi machache kwa hekta hadi mamia, halafu ikiporomoka. Kinachoendesha ni mvua. Kwa kawaida huzaa baada ya masika kuotesha nyasi na mbegu. Vuli ikiwa nzuri, wanaanza mapema, na watoto waliozaliwa mapema wanakuwa na muda wa kuzaa wao wenyewe mwaka huohuo. Hapo ndipo mkulima anapanda mahindi mara mbili kwa sababu mbegu za kwanza zimefukuliwa.

Kwa nini mageuko yamemfanya hivi? Kwa sababu anakufa hovyo. Wachache sana wanauona mwaka wa pili. Bundi, nyoka, paka, kiangazi, sumu: vifo hivi havichagui sana kati ya mtoto wa gramu mbili na wa gramu tatu. Mtu ambaye hajui kama atakuwepo msimu ujao hapandi mnazi. Anapanda mchicha.

Mlinganishe na panya buku, yule mkubwa wa kilo moja na zaidi ambaye Morogoro wanamfundisha kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Ana chuchu nane, mimba yake ni mwezi mmoja hivi, anazaa wawili hadi wanne, na akitunzwa anaishi miaka minane. Ni panya vilevile, lakini anaishi kwa ratiba nyingine kabisa.

Popo ni mdogo kama panya. Kwa nini anazaa mmoja?

Jaribu kuruka ukiwa na mimba ya kumi. Popo wengi huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo anaweza kufikia robo ya uzito wa mama. Lazima pia anyonyeshwe karibu mpaka afikie ukubwa wa mtu mzima, kwa sababu bawa la nusu saizi halirushi.

Dume ana mchango wowote kwenye idadi? Mke wangu ananiambia tubadilishe dume.

Idadi ya mayai ni ya jike. Sungura jike hutoa mayai saa kumi hivi baada ya kupandwa, na wingi wake unategemea umri wake, chakula chake na ukoo wake. Dume dhaifu, au aliyepigwa na joto la Februari, anaweza kuharibu kwa kuacha mayai bila kurutubishwa. Zaidi ya hapo ubadilishe chakula kwanza.

Ila kwenye ukubwa wa mtoto, baba ana mkono wake, na hapa ndipo baiolojia inapofanana na ugomvi wa ukoo. Kuna jeni, yaani maelekezo ya urithi ambayo mtoto hupata nakala moja kwa kila mzazi, iitwayo Igf2, inayosukuma kijusi kikue. Kwa panya, nakala inayofanya kazi ni iliyotoka kwa baba, ya mama imezimwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti Marekani waliiharibu jeni hiyo. Watoto waliorithi nakala mbovu kutoka kwa baba walizaliwa na asilimia 60 hivi ya uzito wa kawaida. Waliorithi nakala mbovu kutoka kwa mama hawakuonyesha tofauti. Mama naye ana jibu: jeni nyingine, Igf2r, inayonasa na kuondoa kile ambacho Igf2 imezalisha, na hapo nakala inayofanya kazi ni ya mama.

Mtafiti David Haig alieleza kwa nini. Mama atazaa tena, na watoto wote wajao ni wake, kwa hiyo kila mmoja achukue kwa kiasi. Baba hana uhakika kwamba uzao ujao utakuwa wake. Kwa upande wake, mtoto huyu na avute kadiri awezavyo. Mmoja anakanyaga mafuta, mwingine breki, na mtoto anatoka na uzito wa kawaida kwa sababu wote wawili wanakanyaga.

Ushahidi mzuri uko kwa panya wawili wa Marekani wa jenasi Peromyscus. Spishi moja huishi jike na dume wake, nyingine majike hupandwa na madume wengi. Ukimpandisha jike wa spishi tulivu kwa dume wa spishi ya fujo, watoto wanakua mno tumboni, na wengi hawazaliwi salama. Ukigeuza, wanazaliwa wadogo. Mafuta mengi, breki hafifu. Breki kali, mafuta kidogo.

Mdogo wangu anafuga sungura Tengeru, karibu na Arusha, na wanakua vizuri kuliko wangu wa Moshi mjini. Anawapa nini?

Huenda anawapa baridi tu. Arusha iko juu kuliko Moshi kwa mita mia tano hivi, na sungura anayenyonyesha ni jiko linalowaka. Kutengeneza maziwa huzalisha joto, na joto hilo lisipopata pa kutokea, mama anapunguza kula na maziwa yanapungua. Elżbieta Król na John Speakman wa Aberdeen, Uskoti, walilionyesha hili kwa panya. Waliowekwa penye joto walitoa maziwa machache na watoto wakawa wepesi, waliowekwa penye baridi walitoa mengi zaidi. Kisha mwaka 2007 walichapisha jaribio ninalolipenda kwa urahisi wake: waliwanyoa manyoya mama wanaonyonyesha. Maziwa yakaongezeka, watoto wakanenepa.

Kwa hiyo kikomo cha uzao huenda wakati mwingine kisiwe chakula wala chuchu, bali ngozi inayoshindwa kupumua. Simshauri mtu anyoe sungura. Hamisha banda chini ya mwembe, bati liezekwe majani ya migomba, maji yasikauke. Januari hadi Machi mimi sipandishi kabisa.

Nchi za baridi wanyama wadogo huzaa wengi zaidi?

Kwa jumla ndiyo. Rexford Lord alilionyesha mwaka 1960 kwa wanyama wa Amerika Kaskazini: spishi nyingi ndogo, kadiri unavyoelekea kaskazini, uzao unakua. Msimu wa kuzaa ni mfupi huko na wengi hufa majira ya baridi. Anayepata nafasi moja kwa mwaka huitumia yote.

Kwa nini sungura wangu alikula watoto wake?

Mara nyingi ni uzao wa kwanza, au alikosa maji, au mbwa alizunguka banda usiku, au watoto walizaliwa wafu akawa anasafisha. Si laana, na si lazima arudie. Kwa macho ya mageuko, mama anayepunguza mzigo mapema, kabla hajamimina maziwa ya wiki tatu kwa watoto ambao hawatapona, anahifadhi mwili kwa uzao ujao. Wanyama wengi wadogo huanza hata kabla ya hapo: vijusi vingine huyeyuka tumboni na kurudi mwilini mwa mama, nawe hujui kamwe kwamba walikuwepo. Akirudia mara tatu, muuze.

Naweza kuchagua mbegu mpaka nipate wanaozaa kumi na tano?

Unaweza, ukiwa na subira kuliko mimi. Huko Dummerstorf, Ujerumani, tangu miaka ya 1970 wamechagua panya wa maabara kizazi baada ya kizazi, zaidi ya vizazi mia moja, na uzao umekaribia kuwa maradufu. Lakini panya wao wana chakula kila siku na hawana bundi. Idadi ya watoto hurithiwa kwa kiasi kidogo sana. Kuchagua binti wa mama aliyezaa kumi na wawili hakukuhakikishii lolote. Mimi huchagua kwa idadi iliyo hai siku ya kuachishwa ziwa. Mama wa saba wote hai nampenda kuliko mama wa kumi na mmoja wa tochi na mizani.

Haya yote si Mungu ndiye anayepanga?

Hilo kamuulize padri au shehe. Mimi naeleza tu hesabu zilivyokaa.

Simbilisi wangu alikufa akizaa, alikuwa mnene na mwenye afya. Nilikosea wapi?

Alikuwa na umri gani alipopandwa mara ya kwanza? Jike wa simbilisi ambaye hajazaa mpaka anapita miezi sita au saba, kiungo cha mbele cha nyonga kinakaza. Kwa aliyezaa mapema kiungo hicho hulegea na kupanuka siku za mwisho za mimba. Mtoto wa gramu 100 mwenye kichwa kilichokamilika hapiti kwenye mlango uliofungwa. Panya hana tatizo hili. Watoto wake wa gramu moja wanateleza tu. Hii ndiyo bei ya kuzaa watoto waliokamilika, na bei hupanda zaidi uzao ukiwa wa mtoto mmoja, maana huyo mmoja amekula fungu la wote.

Niliilipa mwenyewe mwaka wa kwanza wa kufuga. Nilikuwa na jike mweupe mwenye doa jekundu, nimemtenga muda mrefu nikidhani namlea akomae vizuri, na nilimpa dume akiwa na karibu mwaka. Alianza uchungu usiku, asubuhi bado. Mtoto alikuwa mmoja, mkubwa ajabu, manyoya kamili, kucha kamili. Nikimkuta sasa jike wa miezi minane ambaye hajawahi kuzaa, anakaa na majike wenzake, na dume yuko banda la pili.